Miti Iliyopandwa Kila Jumamosi

Alikuwa mume wangu.

Mtu niliyemkuta ameinama kwenye mteremko Jumatatu asubuhi, aking'oa miti ambayo wageni waliipanda Jumamosi na kuirudisha kwenye tyubu zake za plastiki, hakuwa meneja wa loji kama wengi wenu mlivyokisia baada ya sehemu iliyopita. Wala hakuwa Mzee Kingori, ninayeigiza naye. Alikuwa Nderitu, baba ya mwanangu Gatimu, ambaye asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimemtafutia fimbo yake ili aende kliniki ya mguu.

Baadhi yenu mmeandika mkisema mke mwenye heshima hamwaniki mumewe gazetini. Mimi ninamwanika. Kama jua litamchoma, avae kofia.

Kwa aliyeokota gazeti hili leo kwa kinyozi na hajui nazungumza nini: naitwa Beth. Tunaishi juu ya Othaya, pale mashamba ya majani chai yanapoishia na msitu unapoanza. Mwaka jana, mvua ndefu ilipokolea, kilima kilicho nyuma ya nyumba zetu kiliporomoka. Kilikuwa kimekatwa miti yote. Udongo ulimfukia Waithira, dada ya mume wangu, akiwa jikoni kwake, na ukuta wa nyumba yetu ukamwangukia Nderitu mguuni. Baada ya mazishi mama mkwe wangu, Phyllis, alihamia kwetu. Tangu siku hiyo maneno yake ni ya kuhesabu.

Ndipo akaja Waweru, meneja wa loji mpya iliyo ng'ambo ya kijito. Alituambia wageni wa siku hizi hawataki kutazama mlima tu na kupiga picha. Wanataka kuacha kitu. Kila Jumamosi wangepanda miti ya asili kwenye kilima chetu mpaka kifunikwe. Familia zenye mteremko ule tukakubali autumie. Kikundi chetu cha akina mama kikaanza kukuza miche, na mimi nikapewa kazi katika boma la kale: kuvaa ngozi za mbuzi, kusimama mbele ya kibanda cha nyasi, kujifanya mke wa Mzee Kingori na kuwasimulia wageni jinsi nyanya zetu walivyoishi.

Kilima hakikufunikwa. Tuliambiwa paa wa msituni hushuka kuila miche. Niliamini, kwa sababu nilitaka kuamini.

Sasa paa mwenyewe alikuwa mbele yangu, amevaa gambuti za mpira nilizomnunulia sokoni.

"Baba Gatimu," nikamwita.

Aligeuka. Fimbo haikuwapo. Alikuwa amesimama kwa miguu yote miwili kama mwanamume niliyeolewa naye.

"Unatafuta nini huku?"

"Mbuzi. Mguu ulipona lini?"

Akautazama mguu wake kama mtu aliyeulizwa habari za jirani.

"Punguza sauti."

"Sauti yangu iko sawa. Nimeuliza mguu ulipona lini."

"Kitambo. Kabla ya Krismasi."

Kabla ya Krismasi. Niliwaza maji yote niliyochemsha kumkanda. Niliwaza kuni na mitungi niliyobeba peke yangu, yeye ameketi mlangoni akiniambia pole.

"Na hii kazi umepewa na nani?"

"Waweru. Alitaka mtu ambaye hakuna mtu atashuku. Nani atashuku kiwete?"

Kisha akaketi kwenye jiwe, akanieleza yote, na nadhani alikuwa amechoka kuyabeba. Kilima hakingepandwa kitu. Kingejengwa vijumba vya vioo, ili mgeni akiamka auone mlima akiwa bado kitandani. Miti ingeuficha mlima. Lakini wageni wanapenda kupanda, na loji inatafuta nembo ya kijani, ile inayoonyesha kwamba inatunza mazingira na kuwasaidia wenyeji. Kwa hiyo miche ile ile ilikuwa ikipandwa na kung'olewa, ikipandwa na kung'olewa, hadi nembo ipatikane. Ikishapatikana, matingatinga yangekuja kuchimba.

"Kuchimba hapa? Juu ya nyumba zetu?"

"Sisi hatutakuwa hapa." Akasimama, akanikaribia. "Ameniahidi nyumba huko chini kwa tambarare, karibu na soko. Nyumba ya mawe, Beth. Mama hatakaa tena macho akisikiliza mvua. Unafikiri hii nafanyia nani?"

"Na majirani?"

"Kila mtu atafute yake."

Nitawaambia ukweli. Nyumba hiyo niliiona. Niliona dirisha linalofungika vizuri na sakafu isiyo na matope. Ilinichukua muda kuitoa machoni.

"Dada yako alifia pale," nikamwonyesha kwa kidole.

"Najua alifia wapi. Nilimsikia akiita na sikuweza kutoka chini ya ukuta. Usiniambie mimi alifia wapi."

Aliutia mche mmoja kwenye kreti. Kisha akasema jambo lililonikata.

"Na usinihukumu. Wewe kila Jumamosi unavaa ngozi, unawaambia wageni ati wewe ni bibi ya Kingori, ati unapika kwa chungu. Nyumbani unapika kwa gesi. Huo si uongo?"

Nilimnyang'anya jembe, nikavuta kreti ya miche, nikaanza kuirudisha ardhini. Mche mmoja baada ya mwingine, shimo kwa shimo, nikishindilia udongo kwa kisigino.

Alinitazama, akatikisa kichwa, akashuka. Alitembea vizuri kabisa hadi mahali njia inapoonekana kutoka kwa majirani. Hapo akaokota fimbo yake kwenye kichaka, akaanza kuchechemea.

Nilipanda mpaka kreti zote zikabaki tupu.

*

Kutoka hapo nilienda moja kwa moja kwa Monicah, mwenyekiti wa kikundi chetu. Nilimkuta kwenye nasari ya miche akijaza udongo katika tyubu.

"Monicah, miti inang'olewa kule kilimani."

"Nani amekuambia?"

Nilimtazama. "Hukuuliza kama ni kweli. Umeuliza nani ameniambia."

Aliendelea kujaza udongo. Ndipo nilipojua kwamba kikundi kizima kilijua, isipokuwa mimi.

"Kaa chini, Mama Gatimu."

"Nimesimama vizuri."

"Msichana wangu anatandika vitanda kule. Kijana ya Mama Waruguru ni askari wa geti. Maziwa yako inanunuliwa na nani? Mboga yetu inaenda wapi? Kabla ya hiyo loji tulikuwa tunamwaga maziwa kwa mtaro, umesahau?"

"Sijasahau. Nataka wageni waje, Monicah. Nataka waje na miti ibaki."

"Jumamosi wakaguzi wa nembo wanakuja. Nyamaza mpaka waende. Wakishapeana nembo, tutaenda kwa Waweru kama kikundi tuongee naye polepole."

"Wakishapeana nembo atakuwa anachimba."

"Beth, usituharibie."

"Waithira alikuwa rafiki yako."

Mikono yake ikasimama. "Waithira amekufa," akasema. "Sisi wengine tuko hai na tunakula."

Nilimwacha hapo. Nyumbani nilimkuta mama mkwe akichagua maharagwe kwenye ungo, na Nderitu ameketi kando yake, fimbo kati ya magoti. Nilisimama mbele yao nikasema kila kitu, mwanzo hadi mwisho. Sikuficha mguu, wala vijumba vya vioo, wala nyumba ya tambarare. Nderitu alitazama sakafu.

Mama Phyllis hakuinua macho. Alitoa jiwe dogo kwenye maharagwe, akalitupa mlangoni. Kisha akamuuliza mwanawe:

"Hiyo nyumba ya huko chini, iko na jiko?"

"Iko na jiko, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na maharagwe yake.

Nilijua basi kwamba katika nyumba ile niko peke yangu.

*

Jumamosi ilifika na anga safi, mlima umejitokeza wote, theluji yake juu, ungefikiri Waweru ameilipia.

Nilivaa ngozi zangu. Mzee Kingori alivaa zake, akaficha simu kiunoni. Mzee huyu aliendesha malori miaka mingi kabla ya kustaafu, na huwa ananiita "mke wangu wa Jumamosi." Sikumwambia nilichopanga. Sikumwambia mtu.

Hanan alikuwapo pia. Hanan ni msichana wa Nyeri mjini, Mwislamu, amesomea utalii na Kiingereza chake ni cha redioni. Kazi yake ni kutafsiri. Mimi nazungumza Kiswahili, yeye anakigeuza. Nilimaliza kidato cha nne na Kiingereza nakisikia vizuri, lakini Waweru aliniagiza nisionyeshe. Alisema wageni wanapenda mama wa kijijini asiyejua.

Wakaguzi walikuja wakiwa kikundi kidogo. Aliyewaongoza alikuwa mama wa Kizungu mwenye mvi, mpole, anayesikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Waweru alizungumza kuhusu utalii endelevu, jamii kwanza, vizazi vijavyo. Kisha akaniashiria nianze.

Kawaida mimi huanza na kuni. Siku hiyo nilianza na kilima.

"Naitwa Beth," nikasema. "Huyu mzee si mume wangu. Mume wangu ni Nderitu, na kazi yake ni kung'oa miti ambayo wageni wenu wanapanda. Kila Jumatatu anaing'oa, ili wengine waje kuipanda tena. Kilima kile kiliua wifi yangu. Hawataki kukipanda. Wanataka kujenga juu yake."

Watu wa kijiji waliokuwa nyuma wakatazamana. Hanan alinitazama.

Kisha akawageukia wageni, akatabasamu, akawaambia kwa Kiingereza kwamba Mama Beth anasema kilima hiki ni kama mzazi, kwamba familia yake imepitia huzuni hapo, na sasa kila mti unaopandwa unawapa matumaini.

Mama mwenye mvi akaweka mkono kifuani.

Sikumlaumu Hanan wakati ule, sikuwa na nafasi. Nilisogea mbele nikawaambia kwa Kiingereza changu cha shuleni kwamba sivyo nilivyosema. Nikarudia yote, polepole, kwa maneno mafupi. Miti inang'olewa. Miti ni ile ile. Meneja anajua.

Halafu Waweru akaanza kupiga makofi.

"Mnaona?" akawaambia wakaguzi, uso wote tabasamu. "Hii ndiyo sanaa ya jamii. Akina mama wetu wametunga mchezo wao wenyewe kuhusu uharibifu wa mazingira. Hatuwapangii la kusema."

Na wageni wakapiga makofi. Makofi ya nguvu, ya kutoka moyoni. Kijana mmoja wa Nairobi aliyekuja na kamera aliniomba nirudie ile sehemu ya mwisho, mwanga ulikuwa mzuri.

Nimepitia mengi katika hadithi hii, mnajua. Lakini sijawahi kujisikia mdogo kama pale, nikipigiwa makofi kwa kusema ukweli.

Mzee Kingori ndiye aliyeniokoa. Aliinuka kwenye kigoda chake, akafungua ngozi begani, akaiacha ianguke. Chini alikuwa na fulana ya timu ya mpira na suruali ya kitambaa iliyokunjwa hadi magotini.

"Mimi ndiye mwigizaji," akasema kwa Kiingereza cha dereva aliyepita mipaka mingi. "Huyu mama haigizi. Nendeni kwa kilima mkaone."

Makofi yakaisha. Mama mwenye mvi alimtazama Waweru, akanitazama mimi.

"Twendeni basi," akasema.

Moyo wangu ulipanda njia ile kabla ya miguu. Nilitembea mbele yao wote na ngozi zangu, nikavuka kijito, nikapanda. Nilikuwa nimeshinda. Nilijua nimeshinda.

Tukafika kwenye mteremko.

Miti ilikuwa hapo. Yote. Imesimama kwa mistari, imeshindiliwa vizuri, udongo wake umemwagiwa maji, majani yanameta.

Ilinichukua muda kuelewa. Mikono iliyoipanda ilikuwa hii yangu. Niliirudisha Jumatatu kwa hasira, na tangu siku hiyo hakuna aliyeing'oa. Ushahidi wangu niliuzika mimi mwenyewe, kwa kisigino.

"Hii ndiyo miti inayong'olewa?" aliuliza Waweru kwa upole. Hakuhitaji kuongeza neno.

Nderitu alikuwa kando, amevaa koti jipya la loji, chombo cha kumwagilia mkononi na fimbo kwapani.

"Muulizeni huyo," nikasema. "Ndiye mume wangu. Muulizeni."

Mama mwenye mvi akamwendea, Hanan akimfuata. Swali likaulizwa kwa Kiingereza, likageuzwa Kiswahili: je, umewahi kung'oa miti hii?

Nderitu alinitazama. Nilimtazama. Nilidhani kuna kitu kitamkumbusha, pengine maji yale ya moto, pengine mtoto wetu.

"Mke wangu amechoka," akasema. "Tangu maporomoko halali vizuri. Msimkasirikie."

Kilichouma zaidi ni kwamba sehemu ya pili ilikuwa kweli. Silali vizuri.

Wakaguzi waliinamisha vichwa kwa heshima, kama watu walioingia msibani bila kujua. Mmoja akanipapasa bega. Waweru akasubiri wateremke kidogo, kisha akaniambia kwa sauti ya chini:

"Acha hizo ngozi kwa kibanda. Usirudi."

"Sina haja ya kufika kwa kibanda," nikamjibu. Nilizivua hapo hapo, nikabaki na gauni langu, nikamwekea ngozi mikononi. "Na sirudi nyumbani pia. Nakaa hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa kwa miti. Atakayekuja kuing'oa atanikuta."

Alicheka. "Utachoka."

"Mume wangu tayari amesema nimechoka. Hakuna mpya."

Nikaketi chini.

*

Jioni ile Mzee Kingori alinipandishia turubai la zamani la lori, akalifunga kwenye vigingi bila kuuliza swali. Sitawasimulia usiku. Ulipita.

Jumapili nyimbo za kanisani zilinifikia kutoka bondeni. Akina mama wa kikundi walipita njia ya chini na vitambaa vyao vya kichwa vya Jumapili. Hakuna aliyeinua uso, na Monicah alikuwa mbele.

Alasiri Hanan alikuja. Alikuwa amepanda gari kutoka mjini siku isiyo ya kazi, na alibeba chupa ya chai na mahamri ya mama yake kwenye kitambaa.

"Kula kwanza, Mama Gatimu."

Nikala. Aliketi kando yangu, viatu vyake vyeupe vimejaa matope.

"Nilikukosea," akasema.

"Ulinikosea."

"Nilisikia maneno yako vizuri kabisa. Mdomo ukaenda kwingine. Sijui hata ulienda aje." Akachuma jani, akalikunja. "Yule mama mwenye mvi amenipigia simu. Anasema kuna kitu hakikai sawa. Anataka nimwambie neno kwa neno ulichosema mara ya kwanza, kabla sijatafsiri. Nimemwambia nitampigia kesho."

"Kwa nini kesho?"

"Kwa sababu leo naogopa."

"Mimi pia naogopa."

"Hufanani na mtu anaogopa."

"Ni kwa sababu nimekaa. Ungeniona nikisimama."

Akacheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. "Waweru ameniambia nikiwa mwerevu kuna kazi ya kudumu, si ya Jumamosi tu. Nyumbani mimi ndiye nalipia ndugu zangu shule. Ukiwa mimi ungefanya aje?"

"Mimi siwezi kuwa wewe. Nitakuambia tu nilichosema."

Nikamrudia yote, tangu jina langu hadi neno la mwisho. Alisikiliza akitazama bonde. Midomo yake ilikuwa ikisogea bila sauti, na nikaona kwamba anatafsiri.

Nilipomaliza alifunga kitambaa chake, akaninawisha mikono kwa maji ya chupa kama mtoto anavyomfanyia mamake, akashuka. Hakuniahidi kitu. Sikumwomba.

*

Jumatatu asubuhi mlima haukuonekana. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye majani chai, na upepo ulikuwa na ule ubaridi ambao sisi wa huku tunaujua. Mvua ndefu zilikuwa zinarudi.

Niliwasikia kabla sijawaona. Kikundi kizima cha akina mama kilikuwa kinapanda, kila mmoja na jembe begani na kreti tupu mkononi. Monicah mbele. Nderitu nyuma kabisa, na fimbo yake, akichechemea kwa bidii.

Walisimama hatua chache kutoka kwenye turubai. Wengine walitazama miguu yao. Hawa ni wanawake niliochanga nao, niliozaa nao msimu mmoja, niliobeba nao majeneza.

"Shuka, Beth," Monicah akasema.

"Mmekuja na majembe kunisalimia?"

"Wakaguzi wamerudi Nairobi. Waweru amesema hiyo miche ni mali ya kikundi, na ni kweli ni mali ya kikundi. Leo tunaichukua. Jumamosi kuna wageni wengine."

"Sasa hata hamjifichi."

"Tujifiche nini? Kila mtu anajua. Ulisema mbele ya watu wote na hakuna kitu kilifanyika. Sasa shuka, tusifanyiane aibu."

"Mvua inakuja leo," nikawaambia, na sikumwambia Monicah peke yake. Nilipaza sauti wasikie hadi nyuma. "Mnaijua hiyo harufu. Nyumba ya Mama Waruguru iko pale chini. Yako, Monicah, iko pale. Nderitu ameahidiwa nyumba kwa tambarare. Nani mwingine ameahidiwa? Inueni mkono niwaone."

Wakageuka, wote, kumtazama Nderitu. Hilo hawakulijua. Nikaona uso wa Monicah ukibadilika, kidogo tu.

"Ni kweli, Baba Gatimu?" akamuuliza.

"Huyo mwanamke ni mgonjwa," Nderitu akasema. "Ng'oeni tumalize."

Hakuna aliyesogea. Hakuna aliyeshuka pia. Tone la kwanza la mvua likagonga turubai.

Ndipo mtu mmoja akatoka nyuma ya mstari. Alikuwa mama mkwe wangu, Phyllis. Sikuwa nimemwona kati yao. Alikuwa amevaa sweta nyeusi aliyovaa kwenye mazishi ya Waithira, na jembe alilobeba lilikuwa la mwanawe.

Alimpita Nderitu bila kumtazama. Alimpita Monicah. Alipanda polepole akipumua kwa taabu, hadi akafika kwenye mstari wa miti, mbele yangu. Alitazama mche uliokuwa kati yetu. Akatazama chini, mahali jiko la binti yake lilipokuwa.

"Sogea," akaniambia.

Ilikuwa mara ya kwanza aniambie kitu tangu nilipomshtaki mwanawe.

Nilisimama.

"Mama," nikasema, "kama umekuja kupanda, nafasi iko upande huu wangu. Kama umekuja kung'oa, utaanza na mimi. Sisogei."

Alinitazama machoni, muda mrefu, mvua ikianza kushika kasi.

Kisha Mama Phyllis akaliinua jembe.

Itaendelea.